Kabla Sijalisoma Tangazo la Nalongo

Adong mwanangu,

Nimelifungua begi lako na kulifunga tena, wala sikuwa natafuta kitu. Mikono tu haitulii. Wewe umeenda Kasubi kumuaga bibi yako, na mimi nimepanda huku juu kwenye kibanda cha vizindaalo, vipaza sauti vyetu vya mtaa, maana nyumbani kila nikikaa naviona viatu vyako vya safari mlangoni, nasimama tena. Hapa angalau kuna meza. Kuna na mvua inayojikusanya upande wa Kawempe, na kila nikimaliza mstari nachungulia nje kuona imefika wapi.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kutokula vitu vya njiani. Hayo unayajua, na usiyoyajua Arusha itakufundisha kwa baridi yake. Habari za wanaume pia siandiki. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na sita. Kwa jambo hilo wewe mwenyewe ndiye barua, na umeshajisoma.

Nakuandikia kwa sababu kesho asubuhi, kabla ya basi lako la mchana, nina tangazo la kusoma. Linamhusu Nalongo. Linakuhusu na wewe, na hujui kwamba lipo.

Ngoja nianze vizuri. Mimi si mtu wa kalamu, wajua. Shule iliniishia la saba, na Kiswahili hiki ni cha kambi ya polisi, cha babu yako. Wenzangu darasani walikuwa wananicheka nacho: "Mtazameni binti afande, anaomba chumvi kama anakamata mwizi!" Mjini hapa mtu akisikia Kiswahili anashika mfuko, maana kwetu ndiyo lugha ya askari na wezi. Sasa Kiswahili hicho hicho ndicho kilichokusukumia mlango kule Arusha kwenye bunge la nchi zetu za kanda, ukajifunze kwa wale wanaoendesha vipaza sauti vyao, rekodi zao, na kura zao za kwenye skrini. Siku uliyopigiwa simu nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Ukadhani nalia. Nilikuwa nafanya yote mawili.

Kibanda hiki ndicho kilichokulea. Ulilala kwenye boksi la sabuni chini ya meza hii, juu yako mimi nasoma: mtoto amepotea, amevaa fulana ya njano, maji yatakatika, mazishi ya fulani yatakuwa saa kumi, mwenye mbuzi mweupe aje kumchukua kabla hajamaliza mboga za watu. Pembe nne za vipaza sauti juu ya mlingoti, na Bwaise yetu nzima inasikia, anayetaka na asiyetaka. Ulipopata ile nafasi ya kujitolea kwenye baraza la madiwani, wiki ya kwanza ulirudi ukaniambia, "Mama, kazi yangu ni ile ile yako. Yangu ina nyaya nyingi tu." Nilijivuna na neno lile kama mtu aliyevishwa nguo mpya. Nilisema moyoni, basi kumbe nami nilikuwa nafanya kazi yenye jina.

Halafu nikaja kukuona. Unakumbuka? Nilikaa kule nyuma kwenye viti vya wananchi, wewe uko pembeni nyuma ya kioo, masikioni umevaa vile vidude vikubwa kama rubani. Diwani mmoja alikuwa anahutubia, mwenzake anakupungia mkono, anataka umkate. "We binti! Mzimie huyo, anatupotezea wakati!" Wewe hukumtazama hata yeye. Ulimtazama Spika. Spika hakusema kitu, na wewe hukugusa kitu, na yule mzee akaendelea na hadithi yake ya daraja mpaka akachoka mwenyewe. Na yule mwingine, yule mnene, alikutajia neno lake la siri kwa sauti ukumbi mzima unasikia: "Andika hapo, ni jina la ng'ombe wangu!" Watu walicheka. Wewe ulienda polepole ukamwinamia, ukamsaidia kulibadilisha, wala hukumcheka. Mimi nilikuwa naangalia mkono wako tu. Nikasema, mkono wa mtoto huyu ni mwepesi kuliko wangu.

Kwa sababu wangu uliwahi kuwa mzito. Kuna muuza dawa za mizizi alikuwa anakuja hapa kujitangaza, mtu wa majigambo, simpendi. Nilikuwa nampunguzia sauti. Kidogo tu, kuzungusha kitufe nusu, ye mwenyewe ndani hawezi kujua. Anapiga kelele humu mishipa imemtoka, na nje anasikika kama nzi kwenye chupa. Nilifurahi sana. Siku moja nikajiuliza kama nimempunguzia huyu, kesho nitampunguzia nani, na nani ataniona? Nikaogopa. Kazi hii inakupa kitufe na haikupi mtu wa kukutazama. Hilo wewe ulilijua bila kuambiwa, kwa hiyo nalipita.

Nisilolipita ni Mzee Odoch, fundi viatu wa pale njia panda, siku nilipomuua. Wewe ulikuwa mdogo. Hadithi umeisikia kwa watu, na watu wanaisimulia kwa kucheka. Mimi sijawahi kukusimulia.

Kijana wa bodaboda alipita mbio akasema, "Mama Adong, Mzee Odoch amefia hospitali, tangaza." Sikumuuliza nani amekutuma. Nikatangaza. Hata nilirefusha, nikaweka na huzuni, unajua ninavyoweza kuvuta sauti. Kumbe aliyekufa ni Odoch mwingine, wa huko Kalerwe. Watu wakamiminika kwake na viti vya plastiki, wanawake wameshajifunga vitenge kiunoni, mmoja amekuja na sufuria la msiba kabisa. Wakamkuta Mzee Odoch mlangoni anakula ugali wa posho na maharage. Akauliza, "Kuna sherehe?" Wakaanza kupiga mayowe.

Habari ilinifikia nikiwa na Hajji, mwenye vizindaalo hivi. Hajji akaniambia, "Nyamaza. Si wamemwona mzima? Yaishe. Ukienda hewani kusema umekosea, nani ataamini tangazo letu la kesho? Nenda ukamwombe radhi pembeni." Na mimi niliona ana akili. Nilinunua sukari, nikaenda kwa Mzee Odoch jioni, nikapiga magoti, nikasema pole yangu kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie.

Alinitazama, akaweka sindano yake chini.

"Wewe mama," akasema, "uliniua kwa sauti kubwa. Sasa unataka kunifufua kwa kunong'ona?"

Nikacheka, nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Binti yake aliyeko Lira ameshapanda basi analia. Ndugu yake amechinja. Mteja aliyempelekea viatu ameshakwenda kwa fundi mwingine. Na wale waliosikia tangazo langu Kazo na Makerere Kivulu hawakuja msibani wala hawakumwona akila posho. Kwao yeye alikuwa bado marehemu. Asubuhi yake nikapanda huku, Hajji hayupo, nikasema jina langu na kosa langu mara tatu. Hajji alinifokea siku nzima. Lakini baadaye, mwanangu, ilitokea kitu ambacho sikukitegemea: watu wakaanza kuleta matangazo mengi zaidi. Mama mmoja aliniambia, "Wewe nyabo, ukikosea unasema. Basi ukisema, ni kweli."

Hilo nililijua. Nilikuwa nimeshalilipia. Ndiyo maana sijisamehi kwa nilichokuambia wiki mbili zilizopita.

Ulirudi kutoka barazani hukula. Ukanieleza, nami nakuandikia hapa ulivyonieleza ili uone kwamba nilielewa. Madiwani walikuwa wanapiga kura kama wanawake wa sokoni waachwe kando ya mfereji mpaka wapate mahali pengine. Kila mmoja anabonyeza kwenye tableti yake. Nalongo, diwani wetu, mama wa mapacha ambaye nusu ya soko hili alilizalisha kwa mikono yake, akanyoosha mkono akasema, "Mwanangu, hiki kitu changu kimelala." Wewe ulidhani ameshabonyeza na skrini imezimika yenyewe kama kawaida yake. Spika alikuwa anaharakisha. Ukafunga kura. Hoja ikaanguka, na hata kura yake isingeiinua, lakini kwenye ile orodha iliyopandishwa mtandaoni kwa wananchi, mbele ya jina la Nalongo pametokea: hakuwepo.

"Mfumo haumjui mtu aliyekatika mtandao, mama," uliniambia. "Unajua aliyebonyeza na asiyebonyeza, basi. Lakini ndani kabisa, kwenye kumbukumbu za mashine, inaonekana tableti yake ilikatika kabla sijafunga. Nimeiona."

Ulikuwa umemwambia karani wa baraza, bosi wako. Naye akakujibu kwa upole, ndiyo ubaya wake, angekufokea ungeamka. Alikuambia, "Rekodi imeshatoka. Tukiigusa, kesho kila diwani aliyeshindwa atasema na yeye alikatika, na mfumo wote utakuwa mchezo. Mwambie yule mama pembeni. Wewe una safari."

Ukaniuliza, "Mama, nifanye nini?"

Nami nikaona barua. Ile ya karani ya kukusifu, iliyokufungulia Arusha. Nikaona simu moja tu ya karani inavyoweza kuifuta. Nikaona na mlango huu wetu, na maji ya mvua yanavyoingia kila mwaka mpaka kwenye godoro, na nikaona mtoto mmoja tu anayetoka humu miguu mikavu. Nikakuambia, "Nani ataiuliza mashine? Nyamaza uende." Ulinitazama kama Mzee Odoch alivyonitazama. Tangu siku ile tunazungumza habari za begi.

Mvua imeanza. Nimeshuka kufunga dirisha la nyumbani, nimerudi. Nimelowa, karatasi isamehe.

Kuna jambo jingine hulijui. Juzi nilikwenda kwa Nalongo. Na sukari, ndiyo, usinicheke. Mkono una mazoea yake. Nilikwenda kumwambia pembeni. Nikamkuta anamenya ndizi peke yake, na mlango wake siku zote ulikuwa hauna nafasi ya kupita kwa watu. Njiani wanawake wa nyanya walikuwa wameshanieleza walivyomshika sokoni. Aliwaapia: "Nilikuwemo! Nimekaa pale, na gauni langu la gomesi la kijani, mkono juu!" Mmoja akamjibu, "Kompyuta haina shangazi, Nalongo. Imesema hukuwepo." Wakacheka. Mwingine akamwuliza amelala kwa nani siku hiyo, na amelipwa nini.

Nikakaa naye. Nikashika ndizi moja nikaanza kuimenya badala ya kusema. Na yeye ndiye aliyeanza: "Adong anaondoka lini? Mtoto yule ana adabu. Siku ile kifaa changu kilipolala alinitazama kwa huruma, nikajua amenielewa." Hakujua anachosema, Adong. Au alijua. Sijui. Akainuka, akaleta karanga za kukaanga kwenye kifuko cha kaveera. "Za njiani. Arusha ni mbali." Nikapokea. Nikaja nazo. Zile karanga ulizozikuta kwenye begi ukaniambia asante mama, si zangu. Ni za Nalongo.

Na leo mchana wamekuja wanawake wa soko na tangazo lao. Kazi yangu ni kupokea, nimelipokea. Linasema wote wafike uwanjani Jumamosi, wamkatae Nalongo, aliyekimbia kura ya watu wake. Hajji ameliona, amesema lisomwe kesho saa moja asubuhi, la kwanza, watu wakiwa bado nyumbani. Lipo hapa mbele yangu. Nimelisoma kimya mpaka herufi zimeanza kutembea.

Siwezi kulisoma nikakusindikiza stendi mchana nikapunga mkono.

Nisikilize basi, na usinisikilize kama mama aliyekuambia unyamaze. Huyo alikuwa na hofu. Karani hakusema uongo. Ni kweli watu wakiona rekodi inaguswa-guswa watasema ni mchezo. Lakini hakuna aliyekuambia uifute. Iache pale na kosa lake, na chini yake iandikwe kilichotokea, na saa, na kile mashine inachoonyesha, na jina la aliyefunga. Mimi sikumtoa Mzee Odoch kwenye tangazo la kwanza. Lilishakwenda, limeshapita Kazo. Niliweka la pili juu yake. Nadhani na kwenu ni hivyo. Kama sivyo, wewe unajua zaidi, nirekebishe.

Uliniambia funguo zako za mfumo unazirudisha kesho asubuhi kwa Spika mwenyewe. Basi utakuwa mbele ya Spika. Sina la kuongeza hapo.

Najua kinachoweza kutokea. Karani atapiga simu. Arusha watasema msichana huyu alikosea kura wiki mbili kabla ya kuja kwetu. Labda watakwambia usije, na begi hili nitalifungua tena, nitazitoa nguo moja moja nizitundike, na nitalia, sitakudanganya. Nimeomba usiku na mchana kwa Mungu wa baba yangu na kwa Mungu wa baba yako uondoke humu. Lakini kule unakokwenda kutakuwa na watu wa nchi ngapi wanaokuamini kwamba walichosema ndicho kilichoandikwa, na hawatakuja nyuma ya kioo kukuchungulia. Sasa hivi anayekuamini ni mwanamke mmoja na karanga zake. Sijui kama ukimwacha huyu utawaweza wale. Mimi nisingeweza. Mimi, yule muuza dawa za mizizi tu bado ananijia.

Na kuna sehemu yangu, lazima nikuambie mapema isije ikakushtua. Kesho, kabla ya tangazo hilo, nitasema langu. Nitasema mimi Mama Adong nilijua kwamba Nalongo alikuwemo ukumbini, na nikamshauri anayejua anyamaze. Jina lako silitaji. Lakini watu si wajinga. Bwaise nzima inajua nani mtoto wangu na anafanya kazi wapi. Sikutishi, mama. Ningekuwa na namna ya kusema langu bila kukugusa, ningeitumia. Nimezunguka kibanda hiki jioni nzima naitafuta, nimeikosa. Hajji akitaka funguo zake, nitampa.

Ila ningependa uje wewe kwanza. Hilo ndilo ninaloliomba, na unaweza kukataa, na ukikataa bado nitakubebea begi mpaka stendi.

Ukija, mlango nitauacha wazi. Nafasi ya kwanza nimeiacha tupu, kabla yangu na kabla yao. Kile kitufe cha kipaza sauti kimelegea, kibane mpaka taa iwe nyekundu, halafu vuta pumzi moja kabla hujaanza, maana pembe ya upande wa mfereji huchelewa kuamka, na Nalongo anakaa upande huo. Anza na jina lako. Mimi sitakuwa ndani. Nitakuwa nimesimama chini, kwenye matope, pamoja na wanawake wa nyanya, nakusikiliza kama mtu mwingine yeyote.

Na usinong'one.

Mama yako